Khabari za Mwana Kupona binti Mshamu, na Mapenzi Yaliyokuwa Baina Yake na Mumewe

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba waume na wake ili watulizane, akatia baina yao mapenzi na huruma. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika vijitabu vyetu hivi umezoea kusoma khabari za wanavyuoni na masalihi. Safari hii tumekhitari kukuandikia khabari za mwanamke wa pwani yetu, naye ni Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wa nasaha kwa binti yake. Jina lake ni mashuhuri, na utendi wake umesomwa majumbani kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Walakini wengi katika sisi waume twaujua utendi huo kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa haki ya mume juu ya mke. Twauchukua kama fimbo, na mwenyewe aliutunga uwe kipambo. Nami nilikuwa katika jumla ya hao, kama nitakavyokueleza.

SABABU YA KUANDIKA KHABARI HIZI

Mimi nasomesha chuo na madrasa hapa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, mbali sana na bahari. Tangu karne ya kumi na tisa watu wa pwani wamekuwa wakifika nchi hii. Misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo wengine wakapita Ukonongo hata Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Halafu, karibu ya mwaka wa 1950, ikaja reli kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Machimbo yale yalikwisha fungwa zamani, lakini njia ilibaki, na ndugu zetu wa Mrima, na Tanga, na Unguja, na Lindi hawakuacha kuja. Huyu hununua mpunga, na huyu huleta samaki wa Karema, na mwingine hufuata dhahabu. Na wengi wao huacha wake zao pwani, mwaka hata mwaka.

Miaka kadha iliyopita nililetewa shauri la mume na mke katika watu hao. Mume ni mfanya biashara ya mpunga hapa kwetu, na mke alikuwa pwani pamoja na watoto. Mke alimleta ndugu yake kwangu akitaka khului, yaani avuliwe katika ndoa kwa kurejesha mahari. Nikamwita mume, akaja na daftari. Akanifungulia, nikaona kila mwisho wa mwezi amepeleka fedha kwa simu, hakupungukiwa hata mwezi mmoja, na kila shilingi ameiandika: chakula, nguo, ada za watoto, bati za nyumba. Nikastaajabu kwa uaminifu wake. Nikatazama katika vitabu vya fikihi, nikaona kwamba nafaka ametimiza, na mke hana dhara la kudai kwa upande huo. Basi nikampelekea yule mke maneno kwamba mume hana kosa, na kwamba yeye mke yampasa ausome utendi wa Mwana Kupona apate kujua haki ya mume.

Jawabu yake ilinifikia baada ya siku chache. Akaniambia kwa adabu kwamba utendi ule aliufundishwa na bibi yake tangu utoto, naye anao moyoni. Akaniomba mimi mwalimu niusome tena, nitazame yule mume wa Mwana Kupona alifanya nini siku alipokuwa akiaga dunia. Wallahi niliona haya, kwa kuwa miaka mingi nimekuwa nikiutaja utendi ule katika khutuba za ndoa, wala sikupata hata siku moja kulitazama jambo hilo. Nikausoma upya, nikatafuta na khabari za mwenyewe, na hizi ndizo nilizozipata.

MJI WA SIYU NA MUMEWE

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu, na wenye khabari wamekisia ya kuwa ilikuwa karibu ya mwaka wa 1810. Katika kisiwa hicho imo miji ya Pate na Faza na Siyu. Mji wa Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni. Walifanya viatu vya ngozi na viti na panga, na waandishi wake walinakili misahafu kwa khati nzuri, na baadhi ya misahafu hiyo imehifadhiwa hata leo. Hapo ndipo alipoolewa mwanamke huyu, katika watu waliojua kusoma na kuandika na kupima maneno. Tena ufahamu ya kwamba Kiswahili chake ni cha upande wa Lamu, nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa hiyo watu wa Mrima hupata tabu kidogo katika maneno yake.

Mumewe alikuwa Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu na mtawala wake, na Mwana Kupona ndiye mke wake wa mwisho. Bwana Mataka alikuwa mtu wa vita. Kwa muda wa miaka ipatayo ishirini alimpinga Sayyid Said bin Sultan, Mfalme wa Unguja na Maskati, asikubali bendera yake isimamishwe Siyu. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid Said yalikuja kwa majahazi na mizinga, yakarudi yameshindwa, na wakubwa wao wengine wakauawa katika vita hivyo. Mji huu mdogo ulisimama mbele ya dola kubwa, hata ulipofika mwaka wa 1863, zama za Sayyid Majid, ndipo ulipotiwa chini ya Unguja. Wakati huo Bwana Mataka alikuwa amekwisha kufa.

Nakuomba, ndugu yangu, uifikiri nyumba ya mtu kama huyu. Leo yupo, kesho yuko vitani. Akirudi, hurudi na mashaka ya mji mzima juu ya kichwa chake. Nyumbani wamo watumwa na watumishi, kama ilivyokuwa ada ya nyumba za wakubwa wa zamani zile kabla utumwa haujaondolewa. Chakula kina wa kukipika, maji yana wa kuyateka, na mlango una wa kuufungua. Mke wa mtu huyu hakuwa na dharura ya kutia mkono wake katika kazi yoyote.

MAPENZI ALIYOYATOA MWANA KUPONA

Pamoja na hayo, tukitazama aliyomwusia binti yake, twaona kwamba mambo mengi ni ya mkono wake mwenyewe na ya kuwapo kwake mwenyewe. Amemfundisha amsindikize mume anapotoka na kumpokea anaporudi. Amemfundisha kwamba mume akilala asimwamshe kwa kelele, wala asiondoke karibu naye, ili atakapoamka asipate taabu ya kumtafuta. Amemfundisha amkande mwili, na amtilie manukato, na ajipambe kwa ajili yake. Na katika yote, kubwa ni lile aliposema ya kuwa mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema, naye mke aangalie kila kinachoingia kwake na kila kinachotoka.

Neno hili la mtoto asiyejua kusema watu wamelicheka, na wengine wamelichukia. Lakini mtazame aliyelisema na mume aliyekuwa naye. Bwana Mataka hakuwa mtoto. Alikuwa simba wa vita ambaye watu wa mbali walimwogopa. Mkewe aliona ndani ya simba huyo mtu asiyeweza kueleza haja zake: akiwa amechoka hasemi nimechoka, akiwa na huzuni hasemi nina huzuni. Basi akajifunza kumsoma bila ya maneno, kama mama amsomavyo mtoto kwa uso wake. Haya ni maarifa makubwa katika mapenzi. Watu hawapendi kupendwa kwa namna moja. Kuna anayetaka kuambiwa, na kuna anayetaka kukaliwa karibu kwa kimya. Kuna anayetulia kwa kuhudumiwa kwa mkono, na mwingine hutulia kwa zawadi, na mwingine kwa kuheshimiwa mbele ya watu. Mwenye kupenda kwa kweli huuliza moyo wa mwenziwe unapokea nini, kisha hutoa hicho.

Wala usidhani kwamba utendi wote ni wa mume. Kabla ya kumtaja mume, alimfundisha binti yake kushika dini, na kuwa na adabu na ulimi wa kweli. Tena akamtajia watano ambao radhi zao humfaa mtu: Mwenyezi Mungu, kisha Mtume wake, kisha baba na mama, na wa tano ndiye mume. Na muhitaji akija mlangoni, akamwusia asimdhalilishe, bali ampe alicho nacho. Moyo uliofundishwa huruma kwa maskini ndio uwezao kumhurumia mume.

SHERIA YASEMAJE

Hapa sina budi kusimama kidogo nieleze jambo la fikihi, kwa kuwa ndipo tulipokosea.

Katika madhehebu ya Imamu wetu Shafi, radhi ya Mwenyezi Mungu iwe juu yake, nafaka ya mke ni wajibu ulio juu ya mume, na kipimo chake kimetajwa katika vitabu: kwa siku moja, mwenye wasaa hutoa mudi mbili za chakula cha nchi, na mwenye dhiki mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu. Hapana budi awe na kitoweo, na mavazi, na makao, na vyombo vya kujisafishia. Mume asipotoa, huwa ni deni katika dhima yake, hata kama miaka imepita. Hili wengi walijua.

Wasilolijua wengi, au walijualo wakalinyamazia, ni la pili. Katika madhehebu hayo hayo, kupika na kufua na kufagia na kumkanda mume si wajibu juu ya mke kwa hukumu ya ndoa. Akiyafanya, amefanya wema. Na asipoyafanya, kadhi hana la kumlazimisha.

Basi yaunganishe mambo haya mawili. Mume apelekaye nafaka amelipa deni, wala mtu hashukuriwi sana kwa kulipa deni, ijapokuwa asiyelipa hulaumiwa. Na mke amhudumiaye mume kwa mkono wake ametoa hiba, na mwenye kupewa hiba hupasiwa kushukuru. Sisi tumeligeuza jambo likawa kinyume: deni letu twaliita mapenzi, na hiba yao twaiita deni. Kisha twamchukua Mwana Kupona kuwa shahidi wetu, naye alikuwa mke wa mtawala, mwenye watumishi nyumbani, akitoa kwa khiari yake kile ambacho hapana mtu aliyeweza kumdai.

MAPENZI ALIYOYATOA BWANA MATAKA

Sasa twende kwenye jambo ambalo yule mwanamke wa pwani alinitaka nilitazame.

Mwana Kupona anamweleza binti yake jinsi alivyokaa na baba yake: kwamba waliishi kwa furaha na kicheko, wala hapana mmoja wao aliyemvunjia mwenziwe heshima siku zote walizokaa pamoja. Litazame neno hili. Hakusema kwamba yeye tu ndiye aliyemheshimu mumewe, bali heshima ilikuwa baina yao, huku na huku. Mtu wa vita aliyepinga dola ya Unguja, akiingia nyumbani kwake alichunga asimvunjie mke heshima.

Kisha anaeleza ya kwamba ajali ya mumewe ilipofika, naye akajua kuwa anakwenda zake, alimkariria radhi. Hakumwambia mara moja akanyamaza, bali alirudia tena na tena kwamba yu radhi naye, akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili yake. Bwana Mataka alikufa mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, mgonjwa, alipotaka kumwachia binti yake kitu chenye thamani kuliko vyote, katika aliyoyakumbuka ni maneno yale. Hakumhesabia binti yake ni vitambaa vingapi alivyoletewa, wala ni fedha ngapi alizopewa, na bila shaka alipewa, kwa kuwa alikuwa mke wa mtawala. Kilichobaki moyoni mwake ni kwamba mumewe aliyaona aliyoyafanya, akamwambia.

Hii ndiyo sehemu ya mume katika utendi wa Mwana Kupona, nami niliipita kwa miaka mingi nisiione. Mke alitoa kwa mikono, kwa kuwa huyo mume alipokea kwa mikono. Na mume akatoa kwa ulimi, kwa kuwa huyo mke alihitaji kuambiwa. Kila mmoja alimpa mwenziwe fedha inayotumika katika soko lake.

UGONJWA WAKE NA KUTUNGWA KWA UTENDI

Baada ya kufiwa, Mwana Kupona naye akashikwa na maradhi. Ulipotimia mwaka mzima maradhi hayajamtoka, alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi akae karibu naye. Binti huyo alikuwa kijana wa karibu miaka 17. Hii ilikuwa mwaka wa 1858, nao ni mwaka wa 1275 wa Hijra. Utendi wenyewe una beti 102.

Mama huyu hakuwa na nguvu ya kumhudumia binti yake tena, wala hakuwa na hakika ya kumwona akikaa katika nyumba yake. Nguvu iliyobaki ilikuwa ya maneno, basi akatoa hayo. Akayaita hirizi ya kumfunga mwanawe, na kidani cha lulu na marijani cha kumvika shingoni. Katika mwisho wake aliwaombea wanawe na ndugu zake na Waislamu wote, akamwomba Mola wake amwondolee maradhi, na akiwa hakumwandikia afya, amfishe katika imani. Hakuishi sana baada ya hapo, kwa kuwa yasemekana ya kuwa alikufa baada ya miaka michache tu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na Mwana Hashima je, aliyapokea namna gani mapenzi haya? Aliyahifadhi. Aliishi miaka mingi, hata akaiona karne ya ishirini na ukongwe wake, na utendi wa mama yake ukaendelea kunakiliwa na kusomwa na wanawake wa Lamu na Pate. Mwaka wa 1934 bibi mmoja mwanachuoni wa Kiingereza, Alice Werner, pamoja na William Hichens, waliupiga chapa huko Uingereza pamoja na tafsiri yake. Mtoto hakuweza kumponya mama yake, wala kumlipa malezi yake. Aliloliweza ni kulishika neno lake lisipotee, akalishika.

MWENENDO WA BWANA MTUME

Mtu asije akadhani kwamba mambo haya ni ya tenzi za wanawake tu, hayana asili katika dini. Bwana wetu Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa na mzigo ulio mzito kuliko wa Bwana Mataka na kuliko wa kila mtu. Bibi Aisha ametupa khabari kwamba nyumbani alikuwa katika kazi za watu wake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, na wakati wa sala ukifika hutoka.

Wala hakuwapenda wote kwa namna moja. Bibi Aisha aliolewa angali kijana, basi akashindana naye mbio, mara akashindwa, na mara nyingine akashinda. Bibi Fatima alipoingia kwake, alimsimamia akambusu akamkalisha mahali pake. Na Bibi Khadija, aliyempokea na kumfunika nguo siku aliposhuka pangoni Hira ametetemeka, hakumsahau hata baada ya kufa kwake: akichinja kondoo huwapelekea nyama rafiki zake Khadija. Na mtu mmoja katika wakubwa wa Waarabu, al-Aqra bin Habis, alipomwona akimbusu mjukuu wake Hasan, alijitapa kwamba yeye ana watoto kumi wala hakumbusu hata mmoja. Mtume akamwonya ya kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Tena aliwafundisha sahaba zake ya kuwa mtu ampendapo nduguye amwarifu. Ikiwa rafiki hupasa kuarifiwa, mke hakosi kupasiwa zaidi.

MWISHO WA SHAURI LILE

Nilipokwisha soma hayo, nilimwita tena yule mfanya biashara. Nikamwambia ya kwamba mimi nilikosea katika neno nililolipeleka, na kwamba daftari lake ni sahihi lakini si kamili. Nikamwuliza, katika miaka yote hiyo mkewe naye alimletea nini. Akafikiri kitambo, kisha akasema ya kuwa mara mbili tatu alimletea kwa abiria wa gari kofia za vito alizozishona mwenyewe. Nawe wajua, ndugu msomaji, kofia moja ya kushonwa kwa mkono huchukua miezi. Nikamwuliza alijibu nini. Akasema alimwambia asijisumbue, kwa sababu kofia za kiwandani zipo sokoni kwa bei rahisi.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nadhani alijisikia mwenyewe alivyosema.

Mtu yule hakuwa mbaya. Aliniambia ya kuwa yeye alidhani kila fedha aliyoipeleka ilikuwa ikimwambia mkewe kwamba anampenda, na hakujua kwamba mwenziwe alikuwa akiingoja sauti. Na mke naye, kila mshono wa kofia ile ulikuwa neno, na mumewe hakulisoma. Wote wawili walikuwa wakitoa, na wote wawili walikuwa na njaa.

Mwezi uliofuata alifunga duka akashuka pwani. Sitakudanganya kwamba jambo lilitengenea siku ile ile. Mkewe hakuiondoa haja yake upesi, bali alisema atangoja mwezi wa Ramadhani upite aone. Ramadhani ikapita, na Ramadhani nyingine ikapita, na ndoa yao ingalipo. Mume bado yu hapa Mpanda kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa kuwa riziki yake iko hapa, lakini kila usiku baada ya sala ya Isha huondoka barazani akaenda kando na simu yake, na watu wamekwisha jua wasimfuate. Na siku za Ijumaa huja msikitini amevaa kofia ya vito.

Basi ewe ndugu yangu uliye mbali na nyumba yako, nami nasema na nafsi yangu kabla yako: lipa nafaka, kwa kuwa ni deni. Ukikwisha lipa, usidhani umemaliza, bali hapo ndipo mlango wa mapenzi unapofunguka. Mtazame mwenzio hupokea nini. Ikiwa ni neno, litamke ungali na ulimi, usilingojee kitanda cha mauti, kwa kuwa si kila mtu hupewa nafasi aliyopewa Bwana Mataka. Na akupapo kilicho cha mkono wake, kipokee kwa mikono miwili, useme kwamba umekiona.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona, na mumewe, na binti yao, na awarehemu wazee wetu wote wanaume kwa wanawake, na atupatanishe katika majumba yetu. Wallahu aalam. Wasalla Llahu ala sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wasallam. Amin.